Siku 89 za kujiandaa na SAT, nyuma ya mashine ya fotokopi

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Nimerudi kutoka JKT na sugu mikononi na kichwa kilichosahau hesabu. Mjomba kanipa kazi kwenye duka lake la steshenari hapa Tanga mjini: kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kulaminisha vyeti. Kuanzia saa nne hadi saa nane mchana wateja ni wa kuhesabika. Hapo ndipo mradi huu utakapopata nafasi.

Lengo ni kufanya SAT, mtihani ambao vyuo vikuu vya Marekani huutumia kupima waombaji, Jumamosi ya tarehe 7 Desemba, Dar es Salaam. Zimebaki siku 89. Nataka 1350 kati ya 1600.

Mjomba kaniuliza swali ambalo kila mtu ataniuliza: cheti cha Kidato cha Sita unacho, mtihani mwingine wa nini? Nikamwambia kwamba wakati wa korona vyuo vingi vya Marekani viliufanya SAT kuwa hiari, na sasa vile vikubwa vinaurudisha. MIT walitangaza 2022. Mwaka huu wamefuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech. Na ni vyuo vya aina hiyo vyenye fedha za kumlipia mgeni ada, chakula na kitanda. Mimi bila msaada wa namna hiyo siendi popote. Vyuo vinavyouacha hiari bado ni vingi, lakini hata huko alama nzuri ni kitu cha kuweka mezani.

Akasema, "Haya anko, ila wino wa printa si wa mtihani."

Gharama mpaka leo: usajili dola 68, na sisi tulio nje ya Marekani tunaongezewa dola 43, jumla 111. Kwa bei ya dola ya wiki hii inakaribia laki tatu. Msamaha wa ada upo, lakini si wa mtoto wa Tanga. Nimelipia kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye pesa za simu. Mara mbili ikakataa, ya tatu ikapita, nikakaa nusu saa nikiangalia salio kujua nimekatwa mara ngapi. Ni mara moja. Kitambulisho nitatumia pasipoti, maana NIDA nina namba tu, kadi haijatoka. Pasipoti hiyo bibi alinilipia 150,000 mwaka jana akiamini kesho yake napanda ndege.

Alhamisi, 12 Septemba

Nauelezea hapa mtihani wenyewe ili nisiwe naurudia kila mtu akiuliza.

Karatasi hakuna tena. Sisi wa nje ya Marekani tulihamishiwa kwenye kompyuta Machi 2023, Wamarekani wenyewe Machi 2024. Unapakua programu inaitwa Bluebook, unaingia na kompyuta yako chumbani, simu hairuhusiwi. Nusu ya kwanza ni Kusoma na Kuandika, maswali 54. Nusu ya pili ni Hesabu, maswali 44. Kila nusu imekatwa vipande viwili, wanaviita moduli: dakika 32 kwa kila moduli ya Kiingereza, 35 kwa ya hesabu, na katikati mapumziko ya dakika 10. Jumla saa mbili na dakika 14. Nimegawanya: sekunde 71 kwa swali la Kiingereza, 95 kwa la hesabu. Mimi niliyezoea saa tatu kwa karatasi moja ya Advanced nimesoma tarakimu hizo mara mbili.

Ujanja wake ni huu. Moduli ya kwanza ina maswali ya kila kiwango, mepesi na magumu. Ukiifanya vizuri, ya pili inakuja ngumu. Ukiboronga, inakuja nyepesi, na hapo hata ukipata yote, alama zako zina dari. Kwa hiyo moduli ya kwanza ndiyo mlango. Kosa halikati alama, hivyo kuacha swali wazi ni kujinyima.

Jumamosi, 14 Septemba

Jaribio la kwanza. Kosa la kwanza la mradi pia.

Kwa kuwa nakaa dukani kwenye printa, nilipakua jaribio la karatasi na kulichapa. Mjomba alikuwa msikitini. Nikalibana kwa stepla, nikachonga penseli, nikakaa mezani kama mtu wa NECTA. Saa moja baadaye ndipo nilipogundua kwamba toleo la karatasi halibadiliki kulingana na unavyojibu, lina maswali mengi zaidi, na halina saa inayorudi nyuma juu ya kioo. Nilikuwa najiandaa na mtihani ambao sitaufanya. Karatasi hizo nimezikata kuwa rafu na wino nimeulipia kwa kupiga deki duka zima.

Jioni nikafanya la kweli ndani ya Bluebook. Kiingereza 470, Hesabu 610. Jumla 1080.

Hiyo 610 iliniuma kuliko 470. Mimi ni mtu wa PCM: fizikia, kemia, hesabu.

Jumapili, 15 Septemba

Nimefungua daftari la makosa. Kila swali nililokosa linaandikwa, na mbele yake sababu: sikujua, sikusoma vizuri, muda, au mkono. "Mkono" ni kundi nililolibuni mwenyewe, na ndilo lenye maswali mengi upande wa hesabu.

Maana yake ni hii. Miaka sita ya sekondari nimefundishwa kuonyesha njia. Jibu likikosewa, njia ikiwa sahihi, unaokota maksi. Ukiandika jibu tupu, mwalimu anakuuliza umeliota wapi. Basi kila swali la SAT nililiandikia njia kamili kwenye rafu, mstari chini ya mstari, alama ya usawa ikiwa imepangwa wima. Hakuna atakayeisoma. Kompyuta inataka jibu tu. Moduli ya pili ya hesabu iliisha nikiwa na maswali matano sijayafungua, na rafu nzuri ya kutundika ukutani.

Jumatano, 25 Septemba

Wiki ya vifaa. Laptopu yangu ni ya mkono wa pili, Windows 10, betri yake inadumu dakika arobaini. Mtihani unataka uingie na chaji ya saa tatu hadi nne, na soketi ya umeme chumbani haina ahadi. Fundi wa barabara ya pili kaniwekea betri nyingine kwa 70,000. Nimeijaribu kwa kuiacha ikicheza video mpaka izime: saa tatu na robo. Inatosha kwa kubana.

Bluebook yenyewe ni nyepesi, na intaneti inahitajika zaidi mwanzoni na mwishoni. Mtandao ukikatika katikati, mtihani unaendelea na majibu yanahifadhiwa. Hilo limenipunguzia nusu ya hofu. Nusu iliyobaki ni Kiingereza.

Jumamosi, 5 Oktoba

Jaribio la pili: 490 na 640, jumla 1130.

Hesabu imepanda kwa sababu moja tu: nimejilazimisha rafu iwe nusu ukurasa kwa moduli nzima. Nikiona nimeandika mstari wa nne kwa swali moja, naliwekea alama ya kurudi na kusonga. Hiyo alama ipo juu ya kila swali, na mwisho wa moduli kuna ukurasa unaokuonyesha yote uliyoyawekea. Kipo pia kitufe cha kukata majibu usiyoyataka. Mwanzoni nilikidharau. Sasa nakata mawili kabla sijafikiri.

Jumanne, 8 Oktoba

Koma.

Nimekaa na daftari la makosa mpaka duka linafungwa. Katika maswali ya uandishi niliyokosa, zaidi ya nusu ni alama za uandishi, na karibu yote ni kosa lilelile: sentensi mbili kamili nimeziunganisha kwa koma peke yake. Nikajiuliza kwa nini jicho langu halioni ubaya. Halafu nikasikia mteja anamsimulia Mjomba: "Alifika, akakaa, akaomba maji, akaondoka." Ndiyo hivyo. Sisi koma inatutosha kwa sababu *-ka-* imeshafanya kazi ya kuunganisha. "Mvua ilinyesha, tukabaki ndani" haina tatizo lolote. Kiingereza hakina *-ka-*. Ukitaka koma, ulete na kiunganishi. La sivyo weka nukta, au nukta-mkato.

Miaka yote ya kusoma fizikia kwa Kiingereza, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Tulisahihishwa tahajia na nyakati. Nukta-mkato niliijua kwenye kibodi tu.

Nimeandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika pembeni ya mashine: "Kila upande unasimama peke yake? Koma haitoshi." Mteja mmoja aliisoma akauliza kama ni mambo ya ndoa.

Wiki ya 14 Oktoba

Kila siku maswali ishirini ya Khan Academy, ambayo ni ya bure, kwa bando la usiku. Koma zinaanza kuonekana. Maneno magumu bado ni ukuta. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nimekutana na kikokotoo. Si kile cha wastaafu. Hiki kinaitwa Desmos, kimo ndani ya mtihani wenyewe, kinachora grafu, na unaruhusiwa kukitumia kwa maswali yote ya hesabu. Nilikuwa nakitumia kuzidisha tu.

Swali lenyewe, nimelibadilisha tarakimu: mstari y = 3x − 1 unaigusa parabola y = x² + kx + 8 mahali pamoja tu. k ni chanya. Tafuta k.

Mkono wangu unajua: sawazisha, unapata x² + (k − 3)x + 9 = 0, b mraba toa 4ac iwe sifuri, (k − 3)² = 36, k ni 9. Nilitumia karibu dakika mbili kwa sababu nililipigia jibu mistari miwili kama mwalimu amesimama nyuma yangu.

Kwenye Desmos unaandika milinganyo yote miwili kama ilivyo. Inakuuliza kama k iwe kitu cha kuburuta, unakubali, unaburuta, na parabola inahama mbele ya macho yako mpaka inaukalia mstari. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani.

Kisha nikakosa. Niliburuta kushoto, nikakuta mgusano mzuri katikati ya kioo, k = −3, nikaandika. Swali lilisema chanya. Mgusano wa k = 9 uko kwenye x = −3, y = −10, chini kabisa pembeni ya kioo. Usiposogeza grafu, unaweza usiuone. Na hili lilikuwa swali la kujaza, lisilo na A, B, C, D za kukushtua. Karibu robo ya maswali ya hesabu ni ya namna hiyo.

Kwa hiyo kanuni yangu tangu leo: mkono ukiliona jibu ndani ya mistari mitatu, mkono ufanye. Zaidi ya hapo, grafu. Na kabla ya kuandika, rudia neno la mwisho la swali.

Jumamosi, 26 Oktoba

540 na 680. Jumla 1220. Mjomba kanunua mishikaki.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kuna aina ya swali ambalo wanakupa vijinoti vya mwanafunzi, vinne au vitano, halafu wanasema mwanafunzi anataka kufanya jambo fulani, ni sentensi ipi inalifanya. Nilikuwa nasoma vijinoti vyote kwa uaminifu. Kumbe unaanza na lile jambo analotaka. Akitaka kulinganisha vitu viwili, sentensi inayotaja kimoja imeshaanguka, hata iwe ya kweli na nzuri namna gani. Sekunde ishirini na tano, na muda unaobaki naupeleka kwenye mashairi yao, ambayo nayasoma kama barua ya mahakama.

Jumamosi, 9 Novemba

1170. Nimeshuka alama 50, zote za hesabu.

Ningependa kusingizia umeme, maana ulikatika katikati ya moduli ya tatu na feni ikanyamaza. Lakini laptopu ilikuwa na chaji. Kilichotokea ni kwamba nilianza kuburuta kila kitu. Asilimia za kawaida, nikazipeleka kwenye grafu. Swali la pembetatu la kichwani, nikalitafutia mlinganyo. Moduli ya kwanza ya hesabu nikaikosea maswali mepesi manne, mlango ukafungwa, ya pili ikaja nyepesi. Niliijua kwa ulaini wake nilipofika swali la sita, na hiyo ni hisia mbaya sana: unafanya vizuri na unajua haikusaidii.

Kwenye daftari, kundi la "mkono" sasa lina ndugu yake: "kidole".

Jumamosi, 23 Novemba

570 na 700. Jumla 1270. Majaribio mazima yanaelekea kuisha. Yako machache, na ukilirudia moja unakuwa unakumbuka tu.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa, mapumziko. Nimepiga kura mapema, nikarudi kufanya moduli mbili za Kiingereza duka likiwa limefungwa. Pamenyamaza mno. Nimegundua nimezoea kusoma mashine ikinguruma.

Jumatatu, 2 Desemba

Kuanzia leo, siku tano kabla, Bluebook inakuruhusu kuuandaa mtihani: inashusha kinachohitajika na kukupa tiketi ya kuingilia. Nimefanya saa kumi na moja alfajiri kukiwa na mtandao mzuri. Tiketi nimeichapa nakala tatu. Hizo Mjomba kaziruhusu.

Alhamisi, 5 Desemba

Saa tano usiku laptopu imeniambia inataka kujisasisha, isizimwe. Asilimia 12. Nimekaa nayo kama mgonjwa. Imemaliza saa saba na dakika kumi. Nimezima masasisho kwa wiki nzima. Hili lingetakiwa kuwa la kwanza kwenye orodha ya vifaa, Septemba.

Ijumaa, 6 Desemba

Basi la asubuhi, Segera, Chalinze, Dar. Laptopu nimeipakata safari nzima, kwenye buti hapana. Nimefikia kwa mama mdogo, Mabibo. Kanipikia wali wa nazi na samaki, kisha akawaambia watoto, "Leo hakuna anayegusa soketi ya kaka yenu."

Jumamosi, 7 Desemba

Nilifika getini saa moja na nusu. Milango inafungwa saa mbili. Kituo sikitaji. Wasimamizi walikuwa wapole, ila mtandao wao uliwashinda. Nywila iliandikwa ubaoni, nusu ya chumba ikaingia, nusu ikakataa. Tulianza saa tatu na dakika arobaini. Kwangu kila dakika ya kusubiri ilikuwa chaji inayoondoka, na soketi mbili zilizokuwapo zilikuwa zimeshakaliwa. Nilipunguza mwanga wa kioo, nikafunika laptopu nusu, nikakaa nahesabu vigae.

Msimamizi alipoandika namba ya kuanzia, tarakimu sita, betri ilisema asilimia 81.

Moduli ya kwanza ya Kiingereza nimeimaliza na dakika mbili mkononi. Ya pili ilikuja ngumu, ngumu kweli, nikafurahi huku napigwa. Shairi moja sikulielewa mpaka sasa. Mapumziko nilikula ndizi na kunywa maji kidogo, kidogo tu. Hesabu ya kwanza nilitumia mkono zaidi, kidole mara tano au sita. Ya pili ikaja ngumu. Swali la mwisho kabisa nilijaza nikiwa na sekunde, na silikumbuki.

Baada ya hapo kioo kinakwambia usifunge, majibu yanatumwa. Mtandao uleule wa asubuhi. Nilikaa nimenyanyua laptopu kuelekea dirishani kama mtu anayetafuta redio Tehran enzi za babu. Ikaenda. Betri asilimia 19.

Rafu zilikusanywa. Nilikuwa nimetumia karatasi moja, upande mmoja.

Ijumaa, 20 Desemba

Matokeo yametoka. Nilikuwa natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, nikaacha kifuniko cha mashine wazi.

Kiingereza 560. Hesabu 730. Jumla 1290.

Sijafika 1350. Kwa vyuo vile sita vya mwanzo wa shajara hii alama hii haibishi hodi, na nisijidanganye. Kwa vile vinavyouacha hiari, 730 ya hesabu kwa mtu anayeomba uhandisi ni ya kutuma, na viwili nilivyoviorodhesha vinafunga maombi Januari. Mtihani mwingine uko tarehe 8 Machi. Dola 111 tena.

Mjomba kasikiliza, akahesabu kwa vidole, akauliza kama Kiingereza ndicho kilichonivuta chini. Nikasema ndiyo.

"Ni ile koma?"

Nikamwambia hapana, koma tumeshamalizana. Sasa ni mashairi. Akanyoosha mkono, akaibandua manila iliyokuwa pembeni ya mashine, akaigeuza upande mweupe na kunipa. Mteja wa vyeti akauliza kama kopi zake ziko tayari, nikafunga kifuniko.